Maandishi Mekundu kwenye Chupa ya Shampuu

Binti yangu ana saluni ndogo huko mtaa wa Mowlem, na Jumapili iliyopita alipokuja kunitembelea aliniletea chupa ya shampuu. Alikuwa ameona kwenye sweta yangu nyeusi vile vipande vyeupe ambavyo mtu akifika umri wangu huacha kuvionea aibu. "Mama, hii ni ya majani tupu," akaniambia. "Mwarobaini, shubiri, na mafuta ya miti mingine sijui gani. Wateja wangu wenye mba wanaisifu." Nilifungua kizibo nikanusa. Juu palikuwa na manukato, lakini chini yake palikuwa na harufu ya lami inayotoka kwenye mti, chungu, kama moshi uliolala kwenye nguo. Nilimwomba binti yangu anitengenezee chai. Sikuwa na kiu. Nilitaka aende jikoni nibaki peke yangu kidogo.

Nilipokuwa darasa la tatu tuliishi mtaa wa Huruma, Nairobi, kwenye nyumba ya ghorofa, chumba kimoja orofa ya pili. Ukitoka mlangoni ulikuta korido refu lenye giza hata saa sita mchana, na mwisho wake dirisha lisilo na kioo. Kupitia dirisha hilo niliona barabara waliyopitishwa mbuzi wakielekea Kiamaiko kuchinjwa. Upepo ukigeuka, korido lote lilinuka mbuzi. Mfereji wa maji ulikuwa chini uani, mmoja kwa jengo zima, kwa hiyo akina mama walikuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa nzima na ndoo zao, na sisi watoto tulijua nani anapanda kwa jinsi anavyopumua.

Baba alikuwa dereva wa ofisi moja kule Indastria. Alivaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba na alikuwa mtu wa maneno machache mno. Akiwa nyumbani ungesikia redio kuliko yeye. Mama alisuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Nilimwita Mwaitu, kama watoto wa Kikamba wanavyoita mama zao, na mpaka leo nikisikia mtoto mahali akiita hivyo huwa nageuka.

Kichwa changu kilianza kusumbua kabla sijaanza shule. Haikuwa mba ile ya kupangusa kwa kiganja ikaisha. Ilikuwa magamba, manene, yenye rangi ya maziwa yaliyoganda, na yakibanduka yaliacha ngozi nyekundu inayotoa maji. Shuleni ilikuwa sheria wasichana wote wanyolewe, kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha. Nikiinama kuandika, yaliangukia daftari. Watoto waliniita Unga. "Unga amekuja." "Usikae hapo, hapo ni pa Unga." Kuna mmoja aliyewaambia wengine kwamba ninalala ndani ya kinu cha posho, na wengine wakaamini.

Aliyekuwa hajali ni Atieno, wa mlango wa tatu kutoka kwetu. Baba yake alifanya kazi reli, na mama yake, Mama Atieno, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika uani bila yeye kuinuka kitini. Atieno alinishika mkono mbele ya watu wote. Tulicheza kati ya kurushiana mpira, tuliruka kamba ya blada, tulijificha brikicho kwenye zile ngazi mpaka tukakemewa. Alikuwa rafiki yangu mmoja, na sikuhisi kwamba mmoja hatoshi.

Jumapili baada ya kanisa Mwaitu alinitibu. Alikuwa akivunja jani la shubiri, ambayo yeye aliiita kiluma, kutoka ua wa kanisa. Alilipasua katikati, akanilaza kichwa mapajani mwake na kunipaka ule ute wa manjano polepole, gamba kwa gamba. Ulikuwa mchungu kiasi kwamba ukinishukia mdomoni nilitema mate mpaka jioni. Lakini nilikuwa nangoja Jumapili wiki nzima. Hapakuwa na saa nyingine ambapo mama yangu aliniangalia peke yangu, bila ndoo, bila chondo, bila sufuria mkononi.

Kisha akazaliwa Mumo, ndugu yangu. Niliruhusiwa kumpakata nikiwa nimekaa kitandani, mgongo ukutani, mto chini ya kiwiko. Nilikuwa namwinamia nimnuse utosi. Wewe uliyewahi kumnusa mtoto mchanga unajua ninachosema. Nilimwinamia kila siku. Hakumaliza mwezi.

Siku hiyo niliporudi kutoka shule nilikuta viatu vingi mlangoni. Akina mama wa kanisa walikuwa wameketi kitandani na sakafuni wakiimba kwa sauti ya chini, na Mwaitu alikuwa katikati yao akitazama ukuta. Mama Atieno alinishika bega akanipeleka kwake, akanipa uji. Nilipouliza Mumo yuko wapi aliniambia, "Mungu amemchukua, nyathina." Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu. Hakuna aliyeniambia zaidi ya hapo, si siku hiyo wala baadaye. Watu wazima wa siku zile walidhani mtoto asipoambiwa hataumia.

Mwaitu alipopata mimba tena, Baba alimpeleka kwa nyanya, mama mzazi wa Baba, huko Kitui. Nilisikia akimwambia mlangoni, "Safari hii tusijaribu Nairobi." Nilibaki na Baba kwa sababu ya shule.

Ndipo kichwa kikaharibika kabisa. Hapakuwa na mtu wa kupasua kiluma. Baba hakujua hata jani lenyewe ni lipi kwenye ule ua. Magamba yalishuka mpaka nyuma ya masikio, nikayakwangua usingizini, asubuhi mto ukawa na madoa ya damu. Baba aliyaona. Alikunja ule mto akautia ndani ya karai. Jumamosi iliyofuata alirudi kutoka kazini na mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko mlikuwa na chupa ya kahawia.

"Nimemwuliza Mhindi wa duka la dawa pale River Road," akaniambia. "Anasema si sabuni tu, ni dawa. Imetengenezwa kwa mti." Akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Palikuwa na picha ya kitawi chenye majani membamba kama sindano na matunda madogo ya duara. Chini ya picha palikuwa na Kiingereza kingi. Baba aliyasoma maneno hayo akifuata kwa kidole, midomo ikitembea, kwa muda mrefu.

Alinikalisha kwenye kigoda pale korido, taulo mabegani, karai mbele yangu. Alivua saa yake akaitundika kwenye msumari mahali anapoweza kuiona. Mikono yake ilikuwa mikubwa na ilinuka petroli hata baada ya kuoga, na aliniosha kichwa kama mtu anayeosha kitu cha kuazima. Povu halikuwa jeupe. Lilikuwa la rangi ya chai, na harufu yake ilijaa korido lote mpaka majirani wakatoa vichwa milangoni. "Dakika tano," alisema. "Usifungue macho." Nilikaa nimeinama juu ya karai, nikisikia povu likipasukapasuka masikioni na Baba amesimama nyuma yangu, kimya, akiangalia saa. Kisha akanimwagia maji ya vuguvugu kwa kopo.

Aliniosha Jumamosi na Jumatano. Baada ya wiki tatu ngozi ililainika, damu ikakoma. Angalau hilo lilikuwa sawa. Lakini mimi tayari nilikuwa nimesoma ile chupa.

Ilikuwa siku ya wiki, Baba yuko kazini, mimi nimetoka shule na ninangoja maharagwe yaive. Chupa ilikuwa juu ya kabati. Niliishusha niangalie ile picha ya kitawi, nikaigeuza. Nyuma, chini kabisa, peke yake, kwa herufi nyekundu, paliandikwa: KEEP AWAY FROM CHILDREN.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tatu. Lakini maneno hayo niliyajua yote. Karibu na shule yetu palikuwa na transfoma ya stima iliyozungushiwa waya, na kwenye waya kibao chenye fuvu la kichwa na mifupa miwili. Mwalimu wetu alikuwa ametupeleka pale darasa zima, akagonga kibao kwa rula. "Keep away maana yake nini? Kaa mbali. Rudieni." Tulirudia mpaka wapita njia wakacheka. Kwa hiyo nilijua. Kaa mbali. Na watoto. Kaa mbali na watoto.

Nilikaa kitandani na ile chupa mapajani. Sikujiuliza maneno hayo yanamwambia nani. Anayetumia dawa ndiye anayeambiwa, na anayetumia dawa hiyo nilikuwa mimi. Kisha likanijia lingine, na lilipokuja halikuondoka. Mumo. Nilikuwa nimemwinamia kila siku, kichwa changu juu ya uso wake, na magamba yalikuwa yakimwangukia kama yalivyoangukia daftari langu. Nilikuwa nimewahi kuyapangusa kwenye shavu lake kwa kidole. Ndiyo maana hakuna aliyetaka kuniambia amekufa kwa nini. Walijua wote.

Maharagwe yaliungua.

Kuanzia siku hiyo nilikaa mbali na watoto. Nasema hivi kwa urahisi sasa, lakini fikiria mtoto katika jengo la Huruma, ambapo huwezi kufungua mlango bila kukanyaga mtoto mwingine. Nilihesabu hatua kati yangu na wao. Nilingoja wengine washuke ngazi ndipo nishuke. Darasani nilimwomba mwalimu nikae dawati la nyuma peke yangu, nikamwambia ubao unanichoma macho nikiwa mbele, naye alishukuru, nadhani, kwa sababu wazazi walikuwa wamekwisha kulalamika. Jioni nilisimama kwenye lile dirisha lisilo na kioo mwisho wa korido na kuangalia mbuzi wakipita.

Atieno alikuja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kuja tucheze kati. Tumebaki wawili tu."

"Sitaki."

"Kwani nimekufanya nini?"

Nilirudi nyuma hatua moja. Alisogea hatua moja. Nikarudi tena, mpaka mgongo ukagota ukuta, nikamwambia kwa ukali nisioujua ulitoka wapi, "Usinikaribie." Aliniangalia. Alikuwa na uso wa duara, na niliuona ukibadilika.

"Umepona kichwa sasa unaringa," alisema. Akaenda. Kutoka dirishani nilimsikia uani akiwaambia wenzake, "Wachaneni na yeye, ni mdosi siku hizi," yaani tajiri wa kujiona. Hilo lilikuwa jambo la ajabu. Kichwa kilikuwa kinapona, jina la Unga lilikuwa linakufa lenyewe, wasichana wengine wawili walikuwa wameanza kunisalimia, na mimi ndiye niliyekuwa nawakimbia.

Mama Atieno alinikuta siku moja nimekaa ngazi ya juu kabisa. Aliweka ndoo chini akapumua. "Mwikali, nyathina, mbona siku hizi hucheki? Ni mama umemkumbuka?" Nilisema ndiyo. Haikuwa uongo. Alinipapasa kichwa kwa kiganja chenye maji baridi, mtu mzima wa kwanza kunigusa kichwa bila dawa tangu Mwaitu aondoke, nami nikakaza shingo nisilie. Watu wazima hawakuwa kwenye lile onyo. Ni watoto tu.

Barua ikaja kwamba mtoto amezaliwa, mvulana, na ameitwa Musyoka. Baba aliisoma mara mbili kisha akanieleza, kwa sababu Kikamba changu kilikuwa cha Nairobi, kwamba Musyoka maana yake ni aliyerudi. Alitabasamu aliposema hivyo. Nilielewa nilivyoelewa. Ni Mumo. Amerudi, na mimi ndiye sipaswi kumharibu mara ya pili.

Alikuwa na miezi minne Baba alipokwenda kuwapokea kwenye stendi ya mabasi ya Machakos, pale mjini Nairobi. Nilifagia chumba, nikachemsha maji. Niliposikia sauti ya Mwaitu kwenye ngazi, nilirukia mlango kwa furaha, na hapohapo nikageuka nikakimbilia upande wa pili wa meza. Aliingia amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, mtoto mgongoni kwenye leso. Alimfungua akakaa kitandani. Alikuwa ananitafuta kwa macho.

"Mwikali. Umekuwa mrefu. Hebu nione kichwa." Nilikwenda upande usio na mtoto nikainama haraka. Alinipitisha vidole nyuma ya masikio. "Ii, kimekuwa safi kabisa. Baba yako amekutunza." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Sasa kaa hapa umpokee ndugu yako."

"Sitaki."

"Hutaki?"

"Sitaki kumshika."

Alimtazama Baba. Baba alitazama kiatu chake. "Ni aibu tu," alisema. "Atazoea."

Sikuzoea. Nililala sakafuni karibu na mlango ingawa ilikuwa Julai na saruji ilikuwa baridi kama chuma. Nilikula nimesimama. Mtoto akitabasamu nilitazama pengine, kwa sababu alikuwa na tabasamu ambalo lingemvuta mtu yeyote. Mwaitu akinituma nepi nilimtupia kutoka mbali. Jumapili ilipofika hakukuwa na kiluma tena, kwani kichwa kilikuwa kimepona. Alikaa kitandani akimnyonyesha, mimi nikakaa kwenye kigoda kando ya mlango, na kati yetu palikuwa na hatua nne za chumba ambazo hakuna aliyezivuka.

Siku moja alishuka uani kufua. "Nakuachia mlango wazi," aliniambia. "Akiamka mtingishe tu kidogo mpaka nipande." Hakungoja jibu. Musyoka aliamka mara tu Mwaitu alipofika chini. Kwanza alilalama, kisha akalia, kisha akalia kile kilio cha mtoto ambacho kinakosa pumzi katikati. Nilisimama mlangoni. Nilimwambia, "Nyamaza, Musyoka, tafadhali nyamaza." Alikuwa ametupa blanketi, miguu inapiga hewa. Nilipiga hatua moja ndani. Halafu nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ngazi na kuziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Mama Atieno ndiye aliyemtoa. Nilihisi mtu akipita kwa kishindo, na nilipogeuka alikuwa amemkumbatia kifuani, mtoto amekuwa mwekundu, sauti imekauka. Mwaitu alipanda na povu la sabuni mpaka viwiko.

"Alikuwa amemfungia," Mama Atieno alisema. Alisema kwa upole, nadhani hakutaka kunishtaki, lakini hapakuwa na namna nyingine ya kusema.

Nilingoja kofi. Kofi ningelielewa. Mwaitu alimchukua mtoto, akamweka begani, akanitazama kana kwamba anatafuta mahali pa kunishika.

"Huyu mtoto amekukosea nini?"

Nilitazama povu kwenye viwiko vyake. Nifungue mdomo niseme nini? Kwamba nilimuua yule wa kwanza? Kama wanajua na wamenyamaza, basi wamenisamehe kwa kutosema, na nikisema itabidi waache kunisamehe. Hivyo ndivyo nilivyofikiri nikiwa na miaka tisa. Mwaitu aligeuka akaingia ndani, na nikamsikia analia, naye hakulia hata siku ile ya viatu vingi.

Wiki haikuisha akafunga mzigo. Baba aliniambia ni baridi ya Nairobi, mtoto ana mafua, watarudi Kitui mpaka aweze kukaa mwenyewe. Lakini nilikuwa nimewasikia. "Hampendi," Mwaitu alikuwa amesema. "Siwezi kugeuka kila dakika kuangalia anamfanya nini." Siku ya kuondoka aliniwekea mkono begani. "Utakaa na baba yako. Nyumba ni yako." Sikujua kama hiyo ni adhabu au ni ruhusa. Niliwaona kutoka lile dirisha, Baba mbele na sanduku, yeye nyuma na kichwa cha mtoto kikichungulia kwenye leso, mpaka wakapotea nyuma ya kundi la mbuzi.

Miezi iliyofuata sina mengi ya kusimulia, maana hakuna lililotokea. Nilikwenda shule nikarudi. Nilipika. Nilizungumza na redio. Atieno alipata rafiki mwingine, msichana wa ghorofa ya chini, na jioni niliwasikia wakiimba nyimbo za blada ambazo mimi na yeye ndio tuliozitunga. Nilikuwa nikizifuata kwa midomo bila sauti.

Kichwa kilipopona Baba aliniosha mara moja moja tu, kwa hiyo chupa ile ilikaribia kwisha Septemba. Jumamosi hiyo Baba aliisimamisha kichwa chini juu ya kabati tangu asubuhi, kisha akatia maji ndani akaitikisa apate ya mwisho. Nilikuwa nimeinama juu ya karai, povu tayari kichwani, yeye anaangalia saa, nikauliza lile ambalo nilikuwa nimelilea wiki nzima.

"Baba, hii ikiisha nitaweza kukaa na watoto?"

"Watoto gani?"

"Wote. Na Musyoka."

Sikumwona, macho yalikuwa yamefungwa, lakini nilisikia amesogea. "Nani amekukataza kukaa na watoto?"

"Chupa."

Nilimsikia akiichukua kabatini. Alirudi mlangoni kwenye mwanga, nikasikia akisoma kwa mnong'ono, neno kwa neno, mpaka mwisho. Akarudia. Dakika tano zilikuwa zimepita kitambo na povu lilikuwa linanishuka kwenye nyusi.

"Hapa," alisema mwishowe. "Hapa wanasema iwekwe mbali, mtoto asije akainywa. Ni sumu ukiinywa."

"Imesema kaa mbali."

"Inasemea chupa. Chupa ndiyo ikae mbali."

"Lakini chupa haiwezi kusoma, Baba."

Hakucheka. Wakati mwingine wowote angecheka, naamini hivyo. Alipiga magoti mbele ya karai, uso wake usawa wa wangu, akanipangusa macho kwa ncha ya taulo ili niyafungue.

"Ndiyo sababu ulikuwa humshiki?"

Nilitikisa kichwa kukubali, na kwa vile nilikuwa nimeanza, mengine yakatoka yenyewe. "Na Mumo nilimshika kila siku. Ngozi yangu ilimwangukia usoni. Sikujua."

Baba alikaa chini kabisa, sakafuni pale korido, na suruali yake ya kazi. Mtu alipita na ndoo, hakumsalimia. Alishika ukingo wa karai kwa mikono miwili.

"Mumo alikuwa na kifua," alisema. "Alizaliwa nacho. Alikuwa anapumua vibaya tangu siku ya kwanza, mama yako akaniambia tumpeleke hospitali, nami nikamwambia tungoje nirudi kutoka kazini." Akainua macho. "Kwa hiyo si wewe. Umesikia, Mwikali? Kama kuna mtu, si wewe."

Hakulizungumzia tena maisha yake yote. Mwaitu alizeeka naye, akamzika, na nijuavyo mimi hawakuwahi kulitaja mbele yetu. Lakini siku hiyo alilitoa akanipa, mtoto wa darasa la tatu mwenye povu kichwani, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kunipa ambacho kingetosha. Kisha alisimama, akachukua kopo, akanimwagia maji. Yalikuwa yamepoa.

Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa kazini na tukapanda basi la asubuhi kwenda Kitui. Njia nzima hakusema zaidi ya maneno kumi. Tulipofika, jua lilikuwa kali na Mwaitu alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ghala akipepeta pojo, mtoto amekaa kwenye mkeka karibu naye, anakaa mwenyewe sasa, mnene, kichwa kimejaa nywele. Mwaitu alituona akaacha ungo. Hakuinuka.

Baba aliniambia nisimame pale langoni. Alikwenda akachuchumaa mbele yake. Nilimwona akizungumza, kofia mkononi, na sijawahi kumwona akizungumza muda mrefu vile. Mwaitu alikuwa akimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, kisha akashika mdomo kwa kiganja. Wakati fulani alisema kitu, Baba akainamisha kichwa. Nilikuwa na hamu ya kukimbia nirudi barabarani. Nyanya alitoka jikoni akanisalimia, nikamwitikia bila kuondoa macho kwao.

Halafu Mwaitu akainuka. Alikung'uta makapi kwenye leso yake, akaja mpaka langoni, akanishika kichwa kwa mikono miwili, nyuma ya masikio, pale palepale palipokuwa na damu. Hakusema pole, hakuuliza kwa nini sikumwambia. Alinivuta mkono akanikalisha kwenye mkeka, mgongo ukiegemea nguzo ya ghala, akachukua leso akaikunja na kuniwekea chini ya kiwiko.

Kisha akamwinua Musyoka akamweka mapajani mwangu.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alinitazama usoni, akatazama shati langu, akatazama tena usoni, midomo ikapinda, akalia. Hakuwa ananijua. Alijisukuma nyuma kwa nguvu zote, akamnyooshea mama yake mikono, na mimi nikainua macho nimtazame Mwaitu, nikiwa tayari kumrudisha.

"Usimwachie," alisema Mwaitu. Akarudi kwenye ungo wake, akaketi, akaendelea kupepeta pojo. "Mshike hivyo hivyo. Atanyamaza."

Alilia muda mrefu. Sikumwachia.